Kifungu cha Tisa cha Mkataba wa Posa

Ilimchukua Eleuterio Palmares wiki sita tu za masomo ya sheria kugundua kwamba watu wote wa mji wetu wa Jaro, tangu enzi za mababu, walikuwa wakiishi kiholela. Waliuziana samaki, wakaazimana ngazi, wakaozana mabinti na kuahidiana ubatizo, wala hakuna hata mmoja aliyesimama akauliza kama ridhaa imetolewa kwa hiari, kama jambo lenyewe ni halali, na kama kila upande una sababu ya kujifunga. Aliwahurumia kwa moyo wake wote. Akaamua kuwasaidia, na taabu zao zikaanzia hapo.

Nyumbani jina lake lilikuwa Teryo, lakini mama yake, Nanay Loleng, alikuwa ameshaacha kulitumia. Siku mwanawe alipopokelewa chuo cha sheria, bibi huyo alikwenda duka la mabango akachapisha turubai la mita mbili, lenye picha ya Teryo ndani ya koti la kuazima na maandishi makubwa: HONGERA ATORNI WETU MTARAJIWA. Majirani wengine hutundika turubai mtoto akishafaulu mtihani wa uwakili. Nanay Loleng aliona kungoja miaka minne ni uvivu. Neno "mtarajiwa" liliandikwa kwa wino hafifu, mvua ikalifuta, na hakuna aliyehangaika kulirudisha.

Turubai lililipiwa na Senda, kama kila kitu kingine katika nyumba ile. Senda alikuwa dada mkubwa, fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke wa miaka thelathini na sita. Baba yao alipofariki yeye alikuwa na ishirini, na siku ya tatu baada ya maziko alikuwa ameshakaa kwenye cherehani. Kwa cherehani hiyo kaka yao Dado akasomea ubaharia, akapata meli, akaondoka. Kwa cherehani hiyo hiyo Merlinda akasomea uuguzi, akapata hospitali ng'ambo, akaondoka. Siku za sikukuu walileta picha zao, nzuri sana. Kisha zamu ikawa ya Teryo, kitinda mimba, mwenye akili, ambaye Nanay Loleng alimvisha kilemba cha ukoka kila asubuhi kabla hata ya kifungua kinywa.

Na kwa miaka tisa kati ya hiyo kumi na sita, mtu mmoja aitwaye Anselmo Gallego, fundi wa friji, alikuwa akija kila Jumapili kukagua friji yao. Friji ile haikuwa na tatizo. Aliifungua, akaitazama, akaifunga, akanywa kahawa na Senda barazani, akaenda zake. Kila alipotaka kusema neno la maana, kulikuwa na mdogo wake Senda ambaye bado hajamaliza shule. Watu wa huku hawapendi kusukumana. Hata tukikasirika, sauti zetu hutoka kama tunabembeleza mtoto alale, na mgeni anaweza kutukanwa saa nzima akadhani anaimbiwa.

Mwalimu wa mikataba, Atorni Villaruz, hakuwa na ugonjwa huo. Jumamosi asubuhi aliingia darasani na bunda la kadi, kila kadi na jina na picha ya mwanafunzi, akawa anazichanganya taratibu kama mcheza karata mwenye muda wa kutosha. Wanafunzi arobaini wakatazama viatu vyao. Kadi ikatoka.

"Palmares. Simama."

Teryo akasimama.

"Nimekwambia hivi: nitakuuzia nyati wangu wa kulimia siku nikijisikia. Wewe ukasema, nimekubali. Kuna mkataba?"

"Atorni, inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea mazingira ya nyati."

"Nyati yuko shambani, Palmares, anakula nyasi. Ana mazingira mazuri kuliko yako. Endelea kusimama."

Basi akaendelea kusimama, dakika arobaini, wakati wenzake wakiulizwa na kuanguka mmoja mmoja. Alieleza baadaye kwamba alisimama ili asikie vizuri. Katika yote yaliyosemwa asubuhi ile, sentensi moja ilimwingia mpaka kwenye mifupa: kwamba mkataba ni sheria kati ya walioufunga. Yaani, aliwaza Teryo, mtu asiye mbunge, asiye rais, hata asiye na ajira, anaweza kutunga sheria mezani kwake na watu wakaitii. Hakuwahi kusikia jambo tamu kama hilo.

Atorni Villaruz alimaliza kwa onyo. "Sikilizeni. Asiyesoma sheria kabisa anajua kwamba hajui, kwa hiyo anakaa kimya. Aliyesoma wiki sita ni hatari kuliko tetemeko. Msimwandikie mtu mkataba. Mzazi, jirani, hata paka." Darasa likacheka. Teryo naye akacheka, akaliandika onyo lile kwenye daftari na kulipigia mstari, kwa sababu lilikuwa linawahusu wenzake.

Aliporudi nyumbani akamkuta mama yake jikoni akipepeta mchele kwa nguvu zisizohitajika.

"Atorni," akasema Nanay Loleng, "wale Gallego wanakuja Jumapili ya wiki ijayo."

"Kukagua friji?"

"Kuposa. Pamalaye kamili, pamoja na mjomba wa kusema. Dada yako Inday amenieleza leo asubuhi, ananiambia huku anakunja nguo, kama mtu anayesema sabuni imekwisha."

Teryo alifurahi. Tumpe haki yake: alifurahi kwa muda wa kama dakika moja, maana alimpenda dada yake, na Anselmo ni mtu mwema. Kisha akakumbuka karo. Mama yake akaona, kwa kuwa yeye alikuwa ameikumbuka tangu asubuhi.

"Mwanamke akishaolewa," akasema mama, akiutazama mchele, "mkono wake unakuwa wa mumewe. Mimi sisemi kitu. Nasema tu wewe una miaka minne mbele yako."

"Nanay, ahadi za mdomo hazina uzito."

"Basi zipe uzito, anak, mwanangu. Si ndiyo unayosomea?"

Kwa siku tano Teryo hakuonekana mchana ila maktabani. Alichukua vitabu vinane, akavifungua vyote kwa pamoja mezani ili wapita njia waone. Hakumwambia Senda lolote. Senda mwenyewe wiki ile alikuwa akishona gauni lake usiku na sare za watu mchana, na kila usiku alipompita mdogo wake nyumbani ameinamia karatasi, alimwekea ndizi ya kukaanga karibu na kiwiko na kuondoka kwa kunyata, asije akamkatisha mawazo.

Jumapili wakaja. Wa kwanza kuingia alikuwa nguruwe, mzima, ameokwa akawa mwekundu na ngozi yake inavunjika kwa kuguswa, amebebwa kwenye mwanzi na vijana wawili. Nyuma yake sufuria la supu ya molo, vikapu vya wali wa ibos uliofungwa kwa majani, chupa za tembo la tuba. Kisha Nay Consing, mama yake Anselmo, ajuza mfupi mwenye kicheko chepesi. Kisha Tiyo Casimiro, mjomba, ambaye katika ukoo wao ndiye mshenga wa kila posa, kwa kuwa anaweza kuzungumza dakika kumi bila kulitaja jambo lenyewe. Wa mwisho Anselmo, ndani ya shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Kwa mazoea akaelekea kwenye friji, akakumbuka, akarudi akaketi.

"Nay Loleng," akaanza Tiyo Casimiro, "sisi tuna jogoo. Si jogoo mbaya. Amezeeka kidogo, lakini bado anawika kwa saa zake. Tatizo, jogoo huyu kwa miaka tisa hashindi kwetu. Kila Jumapili anaruka ukuta anakuja uwanja huu. Tumemfunga kamba, ameikata. Tumemnunulia mahindi, hayataki. Sasa sisi tumechoka kumfuata. Tumekuja kuuliza kama mnaweza kuishi naye."

"Anakula sana?" akauliza Nanay Loleng, maana kanuni ni kujibu kwa njia hiyo hiyo.

"Anakula. Lakini anatengeneza friji."

Watu wakacheka, hata Senda, ambaye alikuwa ameketi karibu na mlango wa jikoni, mikono mapajani. Kisha Tiyo Casimiro akafanya ambalo desturi inamtaka mshenga afanye mwishoni. Akaacha mafumbo, akamgeukia binti mwenyewe.

"Inday Senda. Nimesema na mama yako, lakini atakayeishi na jogoo ni wewe. Tunakuomba. Hatukulazimishi, hatuna haraka, ukisema ngojeni tutangoja. Unakubali?"

Senda aliinua kichwa. Macho yake yakajaa machozi na hakuyafuta.

"Nakubali, Tiyo," akasema.

Hapo, kwa watu wa kawaida, mambo yangekuwa yamekwisha na visu vingeshuka kwenye nguruwe. Pendekezo limetolewa, limekubaliwa, jambo ni halali, sababu ilikuwa usoni pa Anselmo na kila mtu aliiona. Hata Atorni Villaruz angeweka kadi zake mfukoni. Lakini Teryo alikohoa, akasimama, akatoa bahasha.

"Kabla hatujaendelea," akasema, kwa sauti aliyokuwa ameifanyia mazoezi bafuni, "nimeandaa hati fupi. Nakala nne. Ni utaratibu tu, kuwalinda wahusika wote."

Hati fupi ilikuwa na kurasa kumi na moja. Akamgawia Anselmo moja, Tiyo Casimiro moja, Nay Consing moja, na ya nne akaiweka mezani karibu na kichwa cha nguruwe.

Mahali pengine wageni wangeinuka wakachukua nguruwe wao. Watu wa huku hatuwezi. Umeingia nyumba ya mtu, umeketi kwenye kiti chake, umecheka naye. Ukimwambia hapana, aibu yako utaibeba mpaka kaburini na wajukuu watarithi. Tiyo Casimiro akafungua ukurasa wa kwanza, akakutana na "Mhusika wa Kwanza (ambaye humu ndani ataitwa Bwana Harusi)", akaufunga.

"Vizuri sana," akasema. "Kijana amesoma." Na yeyote anayetufahamu angejua kwamba mzee ametukana.

"Tutie saini wapi, Toto?" Anselmo akamwuliza Teryo, uso wake mwenyewe mwekundu kama wa nguruwe. Angetia saini. Wote wangetia saini, hati yoyote, hata ya kuuza figo, ili tu wakati ule upite. Teryo aliona wamekubali, akaona jinsi sheria inavyofanya kazi kwa urahisi, akachomoa kalamu.

Aliyeharibu mambo ni Nay Consing, bila nia. Aliishika hati mbali, akaileta karibu, akaishika mbali tena.

"Miwani yangu nimeiacha juu ya televisheni," akasema. "Senda, mwanangu, nisomee. Mimi nikitia kidole kwenye karatasi napenda nijue imesema nini. Baba yake Anselmo aliwahi kutia kidole, tukapoteza mgomba na ukuta."

Senda akaja akaketi kando ya mkwewe, akaipokea karatasi. Teryo akasema haikuwa lazima, yeye angeweza kutoa muhtasari. Nay Consing akasema sauti ya Senda ni tamu. Basi Senda akasoma.

Kifungu cha kwanza kilieleza nani ni nani, kwa wale waliokuwa hawajafahamiana kwa miaka tisa. Cha pili kilisema sherehe itagharimiwa na upande wa bwana harusi, jambo ambalo kila mtoto wa Jaro huzaliwa analijua. Cha tatu kilitaka bwana harusi afike kanisani kabla ya bibi harusi, na cha nne kikamsamehe kukiwa na kimbunga, ila si mvua ya kawaida. Nay Consing alikuwa akiitikia "sawa, sawa" kama yuko kwenye rozari. Cha tano kilihusu idadi ya wadhamini wa ndoa, cha sita keki, cha saba mahali pa kuketi mama wa bibi harusi, ambapo palikuwa pazuri. Kwenye cha nane, kuhusu ubatizo wa mtoto wa kwanza, Anselmo alitazama sakafu akatabasamu.

"Kifungu cha tisa," akasoma Senda. "Mhusika wa Pili, ambaye humu ndani anaitwa Bibi Harusi, ataendelea hata baada ya ndoa kugharimia masomo ya Bwana Eleuterio Palmares hadi atakapofaulu mtihani wa uwakili, hata akiurudia mara ngapi. Wajibu huu hautasitishwa kwa sababu ya ujauzito, maradhi, wala kuzaliwa kwa watoto. Mume hatakuwa na haki ya kuhoji. Kifungu hiki kikivunjwa, ridhaa ya familia kwa ndoa hii itahesabiwa imeondolewa."

Alisoma mpaka nukta ya mwisho kwa sauti ile ile aliyosomea habari za keki. Kisha akakiangalia tena kimyakimya, midomo ikitembea, na hakuna aliyeitikia "sawa".

"Teryo," akasema, "hili ni lako?"

"Ni kawaida, Manang," akamwambia dada yake. "Mikataba yote ina masharti."

"Mimi ni Mhusika wa Pili?"

"Ndiyo. Utatia saini ukurasa wa kumi na moja."

"Nilikwambia nitaacha kukusomesha?"

"Hapana."

"Nilimwambia Nanay?"

Nanay Loleng alikuwa ameanza kupanga sahani zilizokuwa zimepangwa.

Anselmo akaikoholea ngumi yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Toto, sisi tuliliongea hilo," akasema. "Mwezi wa tatu. Mimi nilisema utasoma mpaka mwisho. Nimeshachukua kazi ya mafriji ya soko la samaki, asubuhi kabla ya karakana. Tulitaka tukwambie leo, baada ya chakula. Iwe kama zawadi."

Teryo alitamani sakafu ipasuke. Tusimwonee, aibu ilimshika kweli, kuanzia masikioni mpaka kwenye nyayo, na kwa mara ya kwanza katika wiki sita hakuwa na istilahi ya kuifunika.

"Inday," akasema Nanay Loleng kwa upole, "mambo haya tutayazungumza baadaye. Wageni wapo."

"Ndiyo maana nayasema sasa, Nanay. Wakiondoka sitaweza." Sauti yake haikupanda. Ukiisikia kutoka nje ungedhani anamsifia mtu nguo. "Watu hawa wamekuja na nguruwe mzima kuniomba. Mzee mwenye miaka sabini amejifanya anafuga jogoo ili aniombe. Akaniuliza, unakubali? Jibu likachelewa kunitoka, si kwamba silijui, sikuwa na mazoea ya kuulizwa. Miaka kumi na sita katika nyumba hii hakuna aliyeniomba kitu hata kwa kikombe cha kahawa. Dado hakuomba. Merlinda hakuomba. Mnaniambia tarehe ya mwisho ya kulipa, basi."

"Tulijua utakubali," akasema mama yake.

"Ningekubali, Nanay. Ningekubali kila mara. Mngeniuliza tu."

Kuku walisikika nje, na mtoto wa jirani akipiga mpira ukutani. Senda akaipanga ile hati kingo kwa kingo, kama anavyopanga vitambaa kabla ya kukata, akamrudishia mdogo wake.

"Kifungu cha tisa sikubali," akasema.

Katika nyumba ile, kwa mdomo ule, neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa. Nanay Loleng akaketi. Tiyo Casimiro, mzoefu wa posa hamsini, akaona ni wajibu wake kuokoa kitakachookoka.

"Na vile vingine vinane, Inday?"

"Vile vingine havina neno, Tiyo. Vinachosha tu."

Nay Consing ndiye aliyecheka kwanza, akamshika Senda mkono, na kicheko kikafungua visu. Watu wakaanza kukata ngozi ya nguruwe na kumwaga supu kwenye bakuli. Teryo alibaki amesimama na kurasa zake kumi na moja, kalamu ikiwa bado wazi, na wino ukawa unamwingia kidoleni. Mwishowe akamfuata dada yake jikoni.

"Manang, nitafanya nini muhula ujao?"

Senda alikuwa akipakua nyama kwenye sinia. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimtisha Teryo kuliko hasira.

"Muhula huu nimeshalipa. Niliutoa, ni wako. Wa mbele yake sijui. Nitakapoombwa nitasikiliza, naweza kukubali na naweza kukataa."

"Utakataa?"

"Sijui, Toto. Sijawahi kuombwa na wewe." Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni, akamgeukia kabisa. "Haya. Mimi hapa. Niombe."

Teryo akafungua kinywa. Alijua kudai, alijua kushurutisha, alijua kubatilisha na kutaka fidia, na vyote vikamjia mdomoni kwa mpigo vikakwama mlangoni. Akasema, "Kwa kuzingatia kwamba," akanyamaza. Akajaribu tena, akaona aibu, akatazama friji.

Senda alimngoja kwa muda ambao adabu inautaka, na akaongeza kidogo kwa kuwa ni mdogo wake. Kisha akanyanyua sinia, akarudi sebuleni kwa watu waliokuja kumwomba.